Eropleni Ndogo ya Povu

Eropleni kubwa huchukua watu na mizigo, na mwenye kuiongoza huketi ndani yake. Lakini ziko eropleni nyingine, ndogo sana, zisizochukua mtu wala mzigo. Mwenye kuiongoza husimama chini, majanini, ameshika kisanduku mikononi. Eropleni hupanda, hugeuka na kushuka kwa kutii vidole vyake. Huko Ulaya na Marekani watu wengi, wazee kwa vijana, hupenda mchezo huu siku za mapumziko. Hawalipwi mshahara. Hata hivyo si mchezo wa mvivu: asiyetaka kujifunza huvunja chombo chake siku ya kwanza.

Walioanza

Mwaka 1871 Mfaransa mmoja, jina lake Alphonse Pénaud, alirusha eropleni ndogo mbele ya watu katika bustani ya Tuileries, mjini Paris. Haikuwa na injini, ila mpira uliosokotwa. Mpira ulipojisokotoa, ulizungusha rafadha, yaani mabapa yanayosukuma hewa, na chombo kikaruka kadiri ya mita 40. Lakini kikiisha kuachwa mkononi, hakuna aliyeweza kukiamuru tena.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1937, huko Kalamazoo nchini Marekani, ndugu wawili mapacha, Walter Good na William Good, walifaulu kuongoza eropleni ndogo kwa redio. Waliiita Guff. Mabawa yake yalipita mita 2 kwa urefu, na ndani yake mlikuwa na redio na betri nzito. Leo eropleni hiyo imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya Smithsonian, nchini humo.

Kwa nini povu?

Zamani eropleni hizi zilitengenezwa kwa mbao nyepesi. Fundi alikata, akapiga randa, akagundisha, pengine kwa majuma mengi. Kisha chombo kikaanguka mara moja, na kazi yote ikawa vipande vipande. Wanafunzi wengi walikata tamaa.

Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa povu gumu. Mmekwisha kuona kitu kile cheupe, chepesi, kinachowekwa ndani ya katoni ili redio mpya isivunjike njiani. Hilo ndilo povu. Limejaa vipovu vidogo vya hewa, kwa hiyo ni jepesi sana. Aina moja huvunjika upesi kama muhogo mkavu. Aina nyingine huinama, kisha hurudi kama ilivyokuwa. Eropleni ya povu ikianguka, mara nyingi mwenyewe huokota vipande, huvipaka gundi, na huirusha tena.

Wepesi una faida nyingine. Chombo chepesi huweza kuruka polepole bila kuanguka, na mwanafunzi hupata nafasi ya kufikiri. Lakini una hasara pia: upepo mkali hukichezea kama jani. Ndiyo sababu wengi huchagua asubuhi mapema au jioni, upepo unapotulia.

Inavyofanya kazi

Kisanduku cha mkononi kina vijiti viwili. Mtu akisukuma kijiti, kisanduku hutuma amri hewani kwa njia ya redio. Ndani ya eropleni mna redio ndogo inayopokea amri hiyo. Nayo huamuru mota ndogo sana, ambazo huvuta vijiti vya chuma vyembamba, na hivyo hugeuza vibapa vya mkia na vya mabawa. Kibapa kimoja hugeuza pua kushoto au kuume, kama usukani wa mashua. Kingine huinua pua au huishusha. Mota iliyo kubwa kuliko hizo huzungusha rafadha. Betri hulisha zote. Betri inapokaribia kwisha, katika eropleni nyingi mota ya rafadha huzimwa kwanza, ili nguvu iliyobaki itumike kuongoza chombo mpaka kitue.

Kabla ya kuirusha, mtu hupima kwanza kama uzito umekaa sawasawa. Huiinua kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, nyuma kidogo ya ukingo wa mbele. Eropleni iliyo sawa hukaa sawasawa kama mizani. Ikiwa mkia ni mzito, pua itainuka hewani, mwendo utapotea, na chombo kitaanguka. Basi husogeza betri mbele kidogo, kisha hupima tena.

Kushoto na kuume

Jambo linaloangusha wanafunzi wengi ni hili. Eropleni inapokwenda mbali, upande wake wa kuume ni upande wa kuume wa mtu. Inaporudi kumwelekea, mambo hugeuka, kama kwa watu wawili wanaotazamana: kuume kwa mmoja ni mbele ya kushoto kwa mwenzake. Mwanafunzi huona bawa limeinama, hushtuka, husukuma kijiti upande usiofaa, na bawa huzidi kuinama. Mara eropleni iko chini.

Walimu wa mchezo huu hufundisha njia rahisi: eropleni inapokujia, sukuma kijiti upande ule uonapo bawa limeshuka, kana kwamba unatia nguzo chini ya paa linaloinama. Tena, sukuma kidogo kidogo. Na ukikosea, usikose ukiwa karibu na ardhi. Aliye juu ana nafasi ya kujirekebisha; aliye chini hana.

Kibanio cha nguo

Zamani redio zilikuwa na njia chache zenye namba. Watu wawili wakitumia njia moja kwa wakati mmoja, eropleni ilipata amri mbili, isijue imtii nani. Basi mtu aliyewasha kisanduku chake bila kuuliza aliweza kuiangusha eropleni ya mwenzake iliyokuwa juu. Hakuigusa, wala hakuwa na nia mbaya, lakini kazi ya miezi mingi ya mwenzake iliharibika kwa kidole chake kimoja. Mbaya zaidi, chombo kisicho na mwongozi kiliweza kumpiga mtu.

Kwa hiyo katika viwanja vingi palisimamishwa ubao wenye vibanio vya nguo, kila kibanio na namba ya njia. Aliyetaka kuwasha redio yake alitwaa kwanza kibanio cha namba yake. Asipokikuta ubaoni, alijua kuna mwenzake anayekitumia, akangoja. Redio mpya hazina shida hiyo, kwa kuwa kila eropleni hufungamanishwa na kisanduku chake yenyewe.

Lakini sheria nyingine zimebaki. Hairuhusiwi kurusha eropleni karibu na uwanja wa eropleni kubwa bila idhini. Ni hatari kuirusha juu ya vichwa vya watu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa kawaida haipaswi kupita mita 120 juu ya ardhi. Huko Marekani, eropleni yenye uzito uliopita gramu 250 huandikishwa serikalini. Rafadha, hata ikiwa ndogo, hukata vidole. Betri za litiamu hazichajiwi pasipo mtu wa kuziangalia, maana zikiharibika huwaka moto.

Povu husamehe makosa mengi: laweza kugundishwa. Jicho la mtu haligundishwi, wala kidole. Kwa hiyo mrushaji hodari si yule anayepindua eropleni mara kumi hewani. Ni yule anayetazama kwanza ni nani amesimama karibu naye, ndipo awashe.

Maswali

1. Eropleni ya Pénaud ilikosa kitu gani ambacho Guff ilikuwa nacho?
2. Taja faida mbili za povu na hasara yake moja.
3. Kwa nini mwanafunzi hukosea eropleni inapomjia?
4. Kibanio cha nguo kililinda nini?
5. Simama ukitazamana na mwenzako. Kila mmoja ainue mkono wake wa kuume. Mnaona nini?