Kiuno Hakihusiki

"Mwalimu, kuvaa kwa Kijapani ni nini?" Kila muhula swali ni hilo, na kila muhula halijibiki. Kuvaa nini? Shati ni kiru, viatu haku, kofia kaburu, miwani kakeru. Taja kwanza unachovaa, ndipo tuzungumze.

Hapo ndipo hutolewa ile dawa ya wanafunzi: juu ya kiuno kiru, chini ya kiuno haku. Ni kanuni fupi, inakaririka, na ni ya uongo. Gauni hufika vifundoni, nalo ni kiru. Koti refu la baridi, kiru. Kimono nayo hushuka mpaka miguuni, na jina lake lenyewe limetokana na kiru! Hakama, inayofungwa kiunoni juu ya kimono hiyohiyo, ni haku. Kofia iko juu kuliko shati, mbona haichukui kiru? Na ukifika Hokkaido utawasikia watu wakisema haku hata kwa glovu, ambazo Tokyo ni hameru au suru. Tangu lini vidole vikawa chini ya kiuno?

Kinachotazamwa ni namna kitu kinavyoshika mwili. Kinachopita mikononi au kuning'inia mabegani kikafunika kiwiliwili ni kiru. Ndiyo maana gauni hubaki kiru hata ukiliingilia kwa miguu. Cha kutumbukiza miguu kisha kuvuta juu, suruali, sketi, soksi, ni haku. Cha kufunika kichwa, kaburu.

"Nikikosea kitenzi, Wajapani si wataelewa tu?" Wataelewa, ndiyo. Ila hata kitenzi kikiwa sahihi, angalia ulimi: shatsu o kite ni kuvaa shati, shatsu o kitte ni kulikata.

Mengine haraka. Tai na mkanda, shimeru. Skafu, maku. Pete, hameru. Saa, hereni na barakoa, suru au tsukeru. Suru inafaa kwa vidude kama hivyo. Usiipeleke kwenye shati wala suruali. Kuvua ni nugu kwa nguo, viatu na kofia, lakini miwani, pete na saa ni hazusu. Kwenye daftari andika kitenzi pamoja na nguo yake, megane o kakeru, kutsu o haku, wala usikiandike peke yake. Na mtu ambaye tayari amevaa shati ni kite iru, si kiru. Hilo lisiwasumbue: "anavaa" na "amevaa" mmezitenganisha tangu utotoni.