Mama Anayenyonyesha na Bosi Asiyeelewa

 

Mwaka jana alikuja kliniki mama mmoja, karani wa mapokezi katika ofisi fulani. Mtoto alikuwa na miezi minne, na tangu mama arudi kazini uzito haukuwa umeongezeka. Nilipomuuliza alisema hapati nafasi ya kukamua maziwa. Msimamizi wake alimwambia simu haziwezi kulia bila mtu, na akitaka kukamua aende chooni. Ikifika jioni blauzi imelowa, matiti magumu kama mawe. Nyumbani nyanya alikuwa ameanza kumpa mtoto uji mwepesi.

Mama, maziwa kupungua si jicho la jirani. Mwili hutengeneza maziwa kulingana na yanavyotoka. Titi likishinda limejaa, mwili hudhani maziwa hayahitajiki, basi huyapunguza. Tena titi hilo laweza kuvimba, kuuma na kukuletea homa. Ukiona hivyo, endelea kumnyonyesha mtoto titi hilo hilo, na uje kituo cha afya mapema.

Sasa tuje kwa huyo bosi. Wengi wetu hunyamaza, maana kazi ni ngumu kupata na kuna foleni ya watu wanaoingoja. Lakini jua haki yako. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Mtoto naye anatakiwa anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kwa hivyo kuna pengo. Hapo ndipo Sheria ya Afya ya 2017 inapoingia. Inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua, na pasiwe chooni. (Nani kati yetu angekubali kupikiwa chakula chooni?) Inakupa pia muda usiozidi saa moja kwa kila masaa manane ya kazi, mbali na muda wa chakula, na unahesabiwa kuwa uko kazini.

Usiende kwa bosi na hasira. Andika barua fupi, taja sheria hiyo, sema unataka saa ngapi, kwa mfano saa nne asubuhi na saa nane mchana, na nani atashika simu dakika hizo. Baki na nakala. Mabosi wengine si wabaya, hawajui tu. Akikataa kabisa, peleka nakala hiyo ofisi ya leba.

Kabla ya kukamua nawa mikono kwa sabuni, na utumie chombo safi chenye kifuniko. Pasipo friji, maziwa yatumike ndani ya masaa manne. Ndani ya friji hukaa hadi siku nne. Nawe mlezi, usiyachemshe. Weka chombo ndani ya maji ya moto mpaka maziwa yapate uvuguvugu, kisha mnyweshe mtoto kwa kikombe, si chupa.

Yule mama alipewa stoo ndogo yenye mlango wa kufunga. Nyanya aliacha uji, na baada ya mwezi mstari kwenye kijitabu cha kliniki ulianza kupanda. Bosi bado hununa kila akiinuka mezani, lakini mama huinuka.