Umepataje Hapo?

Andika ubaoni 42 – 17 mbele ya Darasa la Tatu, uwe Tukuyu au Mafinga, na hutakosa watoto watakaokuletea 35. Mbili haitoi saba, basi mtoto anageuza: saba toa mbili, tano, nne toa moja, tatu. Kwake hesabu imekwisha. Kwa mtindo tuliokulia, mwalimu anachora mkasi mwekundu, anataja jibu sahihi, somo linaendelea. Mtoto anarudi kwenye dawati akijua kwamba amekosa. Alipokosea hapajui.

Nimefundisha hesabu katika shule za msingi wilayani Rungwe, kisha nikahamia Mufindi, na katika miaka hiyo nimehudhuria semina nyingi za mbinu shirikishi. Tumepanga madawati makundi makundi, tumebandika chati, tumefanya bungua bongo. Yote hayo nayapenda. Lakini kundi la watoto kumi ambamo mmoja anaandika na tisa wanachungulia dirishani bado ni darasa la zamani, tofauti ni mpangilio wa madawati tu. Mwanafunzi anakuwa kiini cha somo pale mwalimu anapomuuliza aliyekosa, "Umepataje hapo?", halafu akanyamaza amsikilize.

Nilikuwa na binti mmoja Rungwe ambaye jioni alimsaidia mama yake kuuza parachichi kando ya barabara ya Kyela. Naye aliniletea 35. Nikamwambia afunge daftari.

"Una parachichi 42 kwenye beseni. Mteja kachukua 17. Yamebaki mangapi?"

"Ishirini na tano, mwalimu." Hakusita hata kidogo.

"Umepataje?"

"Nimetoa kumi na mbili, yakabaki thelathini. Nikatoa tena tano."

Nikafungua daftari, nikamwonyesha ile 35. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Hii ni ya shule, mwalimu."

Nilimpa chaki aandike njia yake ubaoni. Wenzake wakaanza kuleta za kwao. Mmoja alikuja na vijiti vilivyofungwa kumi kumi, akafungua fungu moja mbele ya darasa ili apate vya kutosha kutoa saba, na pale pale watoto waliokuwa wakikariri "kopa kumi" wakaona hiyo kumi inatoka wapi.

Jambo hili si la Rungwe peke yake. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto watano wa Recife, Brazil, waliokuwa wakifanya biashara ndogondogo mitaani na sokoni. Hesabu za biashara walizipatia kwa asilimia 98. Hesabu za namna ile ile zilipoandikwa kishule, wakashuka hadi asilimia 37. Akili zilikuwa zile zile.

Na wito wa kumwacha mtoto afikiri si mgeni kwetu. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka shule ijenge mambo matatu kwa mtoto: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine, na kujiamini. Mashuleni likakumbukwa zaidi jembe na shamba la shule. Mimi nalia na ile akili ya kudadisi. Mtaala wa kujenga umahiri ulikuja mwaka 2005 kwa sekondari, ukafuata wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa madarasa ya chini, na mwaka 2024 tukaanza mtaala mwingine. Kila mmoja umesema, kwa maneno yake, mtoto afikiri.

Kinachonisumbua ni mtihani. Mwaka 2012 mtihani wa Darasa la Saba ulianza kusahihishwa kwa mashine, hata hesabu zikawa za kuchagua jibu na kusiliba herufi. Herufi iliyosilibwa haionyeshi mtoto kapita njia gani. Sehemu ya kukokotoa ilirudishwa baadaye, nikafurahi, ila ni ndogo mno, na mwalimu anayepimwa kwa ufaulu wa shule yake anafundisha kitakachoulizwa.

Wenzangu huniuliza, utawasikiliza vipi watoto themanini? Hoja ni ya kweli. Mufindi tulipata jawabu kwenye mbao. Mafinga viwanda vya mbao havikosi mabanzi. Tuliomba, fundi akayaranda na kuyakata, tukayapaka rangi nyeusi ya ubao. Kila mtoto ana kibao chake na kipande cha chaki. Nasema swali, wanaandika, wanainua kwa pamoja, na kwa mtazamo mmoja naona nani kapata, nani kakosa, na makosa yapi yanafanana. Siwasikilizi themanini. Nawasikiliza watatu, kila mmoja akiwakilisha kosa la wenzake wengi.

Ila hakuna mtoto atakayekueleza njia yake ikiwa fimbo iko mezani. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mwalimu mkuu, au aliyemruhusu kwa maandishi, mamlaka ya kuchapa, na viboko visizidi vinne. Mimi naamini kwa jibu la hesabu hata kimoja ni kingi.

Halafu wanakwenda Kidato cha Kwanza, Kiingereza kinawapokea. Watoto waliobishana nami kwa Kiswahili fasaha wanaketi kimya mbele ya mwalimu mwenye nia njema kabisa. Jambo hili linaniuma, na sijaona chati wala mpangilio wa madawati utakaoliondoa.

Siku za MEWAKA, walimu tunapokutana shuleni kujifunza kwa pamoja, naomba kila mmoja aje na daftari lenye kosa asilolielewa. Safari iliyopita lililetwa la mtoto wa Darasa la Pili: ameambiwa aandike mia moja na nane, akaandika 1008. Tulibishana, wengine wakasema uzembe, mpaka mwalimu kijana kuliko sote akasema mtoto kaandika alivyosikia, mia moja kwanza, kisha nane. Tukakata kadi. Moja ndefu ya 100, na moja fupi ya 8, ambayo mtoto anaiweka juu ya sifuri ya mwisho na kusoma mwenyewe kinachobaki.