Mwanagenzi na Mlezi Wake

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, wakati ambapo baridi ya Iringa huwafanya wanafunzi wajikunyate juu ya madaftari yao, na chaki humponyoka mwalimu kwa ganzi ya vidole, nilisimama kwa mara ya kwanza mbele ya darasa lisilokuwa la wenzangu wa chuoni, nikiwa na andalio la somo nililolihifadhi kifuani neno kwa neno. Na nyuma kabisa, katika deski la mwisho, alikuwa ameketi mwalimu mmoja mtu mzima aliyekabidhiwa kazi ya kunilea katika majuma yale ya mazoezi ya kufundisha. Hakuandika kitu, wala hakunikatiza hata pale nilipokosea mwaka ubaoni. Kipindi kilipokwisha tukatoka kuota jua, nami nikangoja hukumu. "Bwana mdogo," akaniambia, "yule msichana wa dirishani ameinua mkono mara tatu. Umemwona?"

Sikumwona. Nilikuwa nimesoma saikolojia ya elimu nikaifaulu, lakini hapana kitabu kilichoweza kunijulisha kwamba macho yangu hukimbilia upande wa mlango na kuwaacha yatima watoto wa upande wa pili. Mtu aliyezama katika kazi yake hawezi kujitazama; kwa hiyo humhitaji mwingine, aliyetangulia katika kazi hiyo hiyo, awe jicho lake mpaka jicho lake mwenyewe lifunguke. Kwangu mimi, hiyo ndiyo maana ya ulezi katika kazi, na mengine yote yanayosemwa juu yake ni matawi.

Wenye lugha hii walilijua jambo hilo tangu jadi. Kufunda, fundi, fundisha na mwanafunzi ni maneno ya shina moja. Na huko pwani mwali hakuachiwa abahatishe mambo ya unyumba, bali alikabidhiwa kungwi aliyekaa naye na kumfunda, kama vile kijana aliyetaka useremala alivyokaa kwa fundi wake, akawa mwanagenzi, akianza kwa kufagia maranda na kuishia kwa kukata na kulainisha mbao kwa msumeno na randa yake mwenyewe. Siku hizi ulezi huu hutajwa sana katika semina za maofisini, kana kwamba umeingia juzi kwa ndege.

Katika Nyanda za Juu Kusini ushahidi mkubwa wa ukongwe wa ulezi huu umelazwa chini kwa chuma. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza mwaka 1970, na reli yenyewe, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Sehemu iliyowatoa watu jasho zaidi ni ule mwinuko wa kutoka Mlimba kuja Makambako, mji ambao wakati ule ulikuwa katika mkoa wa Iringa, kwa kuwa huko milima na makorongo yalilazimisha mahandaki na madaraja kufuatana kwa karibu sana. Mwanahistoria Jamie Monson, aliyekusanya kumbukumbu za watu walioijenga na kuchapisha kitabu chake mwaka 2009, ameeleza jinsi mafundi wa Kichina walivyofundisha kwa kutenda. Kiswahili chao kilikuwa kidogo, na Kichina cha vijana wetu kidogo zaidi. Basi fundi alishika chombo akafanya, kijana akatazama, kisha chombo kikahamia mikononi mwa kijana na kutazama kukawa zamu ya fundi. Wengi wa vijana hao walitoka mashambani, na baadhi yao walibaki na reli hiyo hata wakawa mafundi kamili na wasimamizi wa wenzao. Yamkini upungufu ule wa maneno ulikuwa rehema, maana mkuu asiyeweza kuhutubia hana budi aonyeshe, tena angoje.

Kungoja huko nimekuona tena katika mji wa Iringa, kwenye karakana za Neema Crafts zilizo chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Mwanzilishi wake, Susie Hart, alianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, akiwafundisha kutengeneza karatasi kwa mikono, na miongoni mwa malighafi zake ikiwamo samadi ya tembo. Baadaye zikaongezeka kazi za kufuma na za shanga, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi, nawe mgeni huandika agizo lako kwenye kijikaratasi. Mtu ambaye jamii ilikwisha kumhesabu kuwa ni wa kusaidiwa tu, huketi kando ya mwenye ujuzi, naye akishaujua humketisha mwingine kando yake. Sijui heshima ipitayo hiyo.

Ukiifuata barabara kuu ipitayo Iringa, kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya na mpaka wa Tunduma, utakutana na chuo kingine kisicho na jengo. Utingo wa lori husafiri miaka pamoja na dereva wake. Hushuka na kabari mkononi gari likikwama katika mteremko wa Kitonga, husikiliza ngurumo ya injini inapodai gia nzito, na hujifunza kwa nini mtu mzima huteremka taratibu ilhali barabara i wazi. Leseni na mafunzo ya chuo ni lazima, wala sisemi vinginevyo. Lakini ile hofu njema ya mteremko huipata kwa aliyemketisha pembeni.

Hata hivyo insafu yanidai nitaje na upande wa dhuluma. Wapo wanagenzi katika gereji zetu ambao kwa miaka mitatu hawashiki ila matambara ya kufutia grisi, kwa kuwa fundi mkuu huogopa kumfunda atakayemnyang'anya wateja, na mwishowe kijana huondoka na ujuzi alioudokoa kwa kuchungulia. Walioupata ujuzi wao hivyo, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima na kuwapa vyeti katika mpango wa kurasimisha ujuzi, nao ni mpango ninaouunga mkono kwa moyo wote; ila cheti humkuta mtu alikokwisha kufika, hakimrudishii miaka iliyopotezwa na bakhili wa maarifa.

Kwa walimu, Wamarekani Bruce Joyce na Beverly Showers walikwisha kutoa hoja mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba nadharia ya semina, hata ikiambatana na maonyesho, haiingii darasani mpaka mwalimu afuatwe huko huko na mwenzake wa kumtazama na kushauriana naye. Hapa kwetu Taasisi ya Elimu Tanzania imeleta MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo huwakutanisha walimu katika shule zao wenyewe wajadili masomo yanayowashinda, badala ya kungoja wito wa safari na posho. Rai yangu ni kwamba mpango huo utasimama au utaanguka kwa jambo moja, nalo ni wakati. Kwani anayelea hulea kwa saa zake, na mwalimu mwenye vipindi vya kutwa nzima na rundo la madaftari ya kusahihisha atampa mwanagenzi salamu tu, tena za mbiombio.

Haya niliyafahamu kwa kuchelewa. Siku niliyokwenda kuaga, nikiwa nangoja katika ofisi ya walimu, nilisoma ratiba kubwa iliyobandikwa ukutani, na katika safu ya yule mlezi wangu nikaona vipindi viwili kila juma vimekatwa kwa kalamu nyekundu na kuhamishiwa kwa mkuu wa shule mwenyewe; na pembeni, kwa mwandiko mdogo wa mkuu huyo, palikuwa pameandikwa jina langu.