Tasa Inayozaa: Istilahi ya Hisabati na Namba 2,147,483,647

Miongoni mwa istilahi za hisabati zilizozoeleka shuleni, ‘namba tasa’ ndiyo yenye sitiari kali zaidi. Shufwa na witiri ni maneno yaliyotoholewa kutoka Kiarabu. Tasa ni neno zito la nyumbani, litumikalo kwa mwanamke au mnyama asiyezaa. Namba tasa, iliyo kubwa kuliko 1, haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Je, sitiari hii inaibeba dhana au inaipotosha? Mfano mmoja unatosha kulipima swali hilo.

Namba 2,147,483,647 hupatikana kwa kutoa 1 kutoka 2 yenye kipeo cha 31. Namba za umbo hili zinaitwa kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne, aliyeandika juu yake mwaka 1644. Kipeo kisipokuwa tasa, namba yenyewe haiwezi kuwa tasa. Hata hivyo, utasa wa kipeo hautoshi: kipeo cha 11 hutoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Kwa hiyo kipeo cha 31 kilidai uthibitisho.

Uthibitisho huo ulitolewa na Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, na kuchapishwa mwaka 1772. Njia ya kawaida ingemlazimu kujaribu kila namba tasa isiyozidi 46,340, nazo ni zaidi ya 4,700. Euler alibaini kwamba kigawo chochote tasa cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 248, sharti kibakishe 1 au 63. Vikabaki vigawo vya kujaribiwa visivyozidi 372, na hakuna hata kimoja kilichoigawa bila baki.

Hata hivyo, namba hiyo ‘tasa’ ina uzao. Euclid alithibitisha kale kwamba namba ya Mersenne iliyo tasa, ikizidishwa kwa 2 yenye kipeo kilichopungua kwa 1, hutoa namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Ndivyo 3 mara 2 inavyotoa 6, ambayo ni 1 na 2 na 3. Kwa kanuni hiyo hiyo, 2,147,483,647 inazaa 2,305,843,008,139,952,128. Namba ya aina hii yafaa kuitwa ‘kamilifu’, kwa kuwa ‘namba kamili’ ni istilahi yenye maana nyingine.

Hapo ndipo kiini cha sitiari kinapoonekana. Katika kugawanya, namba hii ni tasa kweli: haitoi namba ndogo kutoka ndani yake. Katika kuzidisha, ni kinyume: yenyewe haikuzaliwa na namba ndogo kuliko yenyewe, bali ni mzazi wa nyingine. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa. Istilahi haina haja ya kubadilishwa. Kinachohitajika ni mwalimu kueleza upande ambao sitiari inatazama, ili mwanafunzi asidhani kwamba chimbuko la namba zote ni kitu kisicho na uzao.