NCHI JIRANI: KIWANJA CHA NDEGE CHA BUTIABA

Jioni ya tarehe 24 Januari, 1954, ndege ndogo ya injini mbili ilijaribu kuruka kutoka kiwanja cha Butiaba, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda. Haikufika mbali. Ilianguka ikawaka moto. Ndani yake walikuwamo mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway na mkewe, ambao siku moja tu kabla ya hapo walinusurika ndege nyingine ilipogonga waya wa simu karibu na Maporomoko ya Murchison. Hemingway aliupiga mlango kwa kichwa mpaka ukafunguka, na wote wakapona, ingawa magazeti ya ng'ambo yalikwisha kumtangaza kuwa ni marehemu.

Kisa hicho ndicho kinachosimuliwa. Kwa askari, hata hivyo, swali lenye maana ni jingine: ni nini kilichokiweka kiwanja mahali pale pa mbali, na ni nini kilichokiua?

Kilichokiweka ni bandari. Wakati wa ukoloni wa Kiingereza, mizigo na abiria waliovuka Ziwa Kyoga walishukia Masindi Port, wakapita kwa magari mjini Masindi, kisha wakateremka ukingo mkali wa Bonde la Ufa hadi Butiaba. Hapo meli, na kubwa miongoni mwao ikiwa Robert Coryndon, ziliwapeleka Kongo, au kaskazini kwa Mto Naili hadi Pakwach na Nimule, mpakani mwa Sudan. Pahali penye meli, karakana na maofisa hapakosi kuhitaji ndege.

Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 zikayainua maziwa yetu yote, na Ziwa Albert halikusalimika. Gati la Butiaba likafunikwa na maji. Mwaka 1962 safari za meli zikasimamishwa, na mwaka 1964 Robert Coryndon ikazama. Katika miaka hiyohiyo reli ya kutoka Tororo ilisogezwa mpaka Pakwach, ikachukua mizigo iliyokuwa riziki ya bandari. Basi kiwanja kikabaki bila wa kumhudumia.

Na kiwanja cha nyasi hakihitaji bomu ili kife. Kikikosa wa kufyeka, majani huwa marefu. Mchwa hujenga vichuguu. Mvua huchimba mifereji. Ng'ombe hupageuza malisho. Rubani akitazama kutoka juu huona uwanda mzuri, kumbe gurudumu la mbele litavunjikia humo. Kiwanja kisichokaguliwa kwa miguu, hatua kwa hatua, kisihesabiwe katika mpango wowote wa doria wala wa kuokoa majeruhi, hata kama kimo katika ramani. Ramani, tuseme kweli, huchelewa sana kupata habari za msiba.

Jambo hili si dogo katika ziwa lililo mpaka wa nchi mbili. Mwaka 2006 mafuta yaligunduliwa upande wa Uganda. Mwaka uliofuata yakatokea mapigano ziwani na ugomvi juu ya kisiwa cha Rukwanzi, mpaka Marais Museveni na Kabila wakatia saini mapatano huko Ngurdoto, Arusha, tarehe 8 Septemba, 2007. Ziwa lililosahauliwa likawa tena na walinzi, wahandisi na shehena.

Lakini kazi hiyo mpya haikurudi Butiaba. Mwaka 2018 ulianza ujenzi wa kiwanja kikubwa huko Hoima, chenye njia ya kurukia ya kilometa 3.5, ili kipokee mitambo mizito ya mafuta. Na bomba la kilometa 1,443 lilipangwa kutoka huko hadi Tanga kwetu. Butiaba imebaki kijiji cha wavuvi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, na watu wa ufukweni wakalazimika kuhama nyumba zao.