Laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako? Jinsi ya kuuliza, na jinsi mfumo unavyojibu

Mkulima wa kahawa kule Mbozi anaweza kuwa na laini moja tu mfukoni, lakini kwenye daftari la kampuni ya simu jina lake likawa limebeba laini tatu. Mbili asizozijua ziko mikononi mwa watu wengine. Zikitumika kutuma zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", au kukopa mkopo wa simu usiolipwa, jina litakaloonekana mbele ya polisi au ya mdai ni la mkulima huyo.

Habari njema ni kwamba daftari hilo linaulizika. Huhitaji simu janja, bando wala kupanda gari kwenda Vwawa. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuuliza, kinachotokea huko nyuma ukiuliza, na kitu kimoja ambacho mfumo hauwezi kukuambia hata ukiuliza vizuri.

Kwa nini jina lako liko kwenye daftari

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka kila laini ya simu Tanzania iwe na mwenyewe anayejulikana. Mwanzoni watu walisajili kwa vitambulisho vya aina nyingi, na si kila kitambulisho kilikuwa rahisi kuhakikiwa. Mei 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole kwa namba ya kitambulisho cha taifa, yaani namba ya NIDA. Wengi wetu tunakumbuka foleni za Desemba mwaka ule na siku zilizoongezwa hadi tarehe 20 Januari 2020.

Tangu hapo, laini na mtu vimefungwa pamoja kwa vitu viwili: namba ya NIDA na kidole. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1984, namba yake huanza na 19840305. Kwa hiyo anayeiona namba yako ameshajua na umri wako, na ndiyo maana haifai kuiandika ukutani dukani au kuituma kwenye kundi la WhatsApp.

Namna ya kuuliza

Piga *106# kwenye laini yako. Menyu itatokea. Chagua sehemu ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukiombwa namba ya NIDA, iandike tarakimu kwa tarakimu bila kuacha nafasi. Baada ya muda mfupi utaona orodha ya namba.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, kila mtandao hujibu kwa namba zake wenyewe. Ukipiga kwenye laini ya Vodacom, majibu ni ya Vodacom. Ya Airtel, Yas, Halotel na TTCL unayauliza kwenye laini za mitandao hiyo. Kama huna laini ya mtandao fulani, usidhani uko salama huko. Nenda kwenye duka la mtandao huo na kitambulisho chako uulizie.

Pili, huduma hii inapita kwenye njia ileile ya kuangalia salio. Haihitaji intaneti, na kitochi kinatosha.

Tatu, kwa walioko Tunduma karibu na mpaka: simu inaweza kudaka mtandao wa Nakonde bila wewe kujua, hasa ukiwa jirani na kituo cha forodha. Ukiona jina la mtandao wa Zambia juu ya kioo, ingia kwenye mipangilio ya simu, uchague mwenyewe mtandao wa Tanzania, kisha upige. Na ukiwa na laini ya Zambia kwa ajili ya biashara, ujue hiyo haimo kwenye daftari la NIDA. Zambia ina usajili wake, chini ya mamlaka yake ya mawasiliano, ZICTA.

Nini kinatokea huko nyuma

Ukibonyeza kitufe cha kupiga, swali lako linakwenda kwenye kompyuta kubwa ya kampuni ya simu. Kompyuta hiyo ina daftari lenye mistari mingi sana: namba ya simu, namba ya NIDA ya mwenyewe, na taarifa za usajili. Haisomi daftari lote mstari kwa mstari kama karani wa zamani. Inatafuta kwa kutumia namba ya NIDA kama ufunguo, inaokota mistari yote yenye ufunguo huo, na kukurudishia.

Na siku ya kusajili, kompyuta ya kampuni ya simu ilikuwa yenyewe ndiyo inayouliza. Wakala alipoweka kidole chako kwenye kile kifaa, namba yako na alama ya kidole vilitumwa kuulizwa NIDA: je, kidole hiki ni cha mwenye namba hii? NIDA ikajibu ndiyo au hapana.

Njia hiyo ya programu moja kuiuliza nyingine wataalamu huiita API. Ifananishe na dirisha dogo la ghala la ushirika. Huruhusiwi kuingia ghalani kupekua magunia. Unapitisha karatasi dirishani yenye mambo matatu: wewe ni nani, unauliza habari za nani, na za kipindi gani. Mtu wa ndani anahakiki kama una ruhusa, kisha anakupitishia jibu la ulichouliza tu. Dirisha likijengwa vizuri, kampuni hupata majibu bila kukabidhiwa daftari zima.

Kitu ambacho mfumo haukijui

Mfumo unajua jina. Haujui mtu.

Ukimwekea mtoto wa jirani kidole chako ili apate laini kwa kuwa hajapata namba ya NIDA, daftari litaandika kwamba laini ni yako. Halitaandika kwamba ulimsaidia. Baada ya mwaka mtoto yule akiiuza laini hiyo Mlowo au Tunduma, daftari bado linakutaja wewe.

Wapo pia wanaoibiwa kidole wakiwa wamesimama palepale. Wakala asiye mwaminifu anakuambia, "Kidole hakijasoma, rudia." Unarudia. Mara ya kwanza kilisoma, na sasa kuna laini mbili: moja anakupa, nyingine anabaki nayo. Wazee na watu wasioona vizuri ndio wanaolengwa zaidi, maana hawawezi kusoma kinachoandikwa kwenye kioo cha kifaa.

Hofu hii si ya mbali. Katika taarifa ambazo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, huzitoa kuhusu majaribio ya utapeli wa simu, jirani zetu wa Rukwa wametajwa mara kadhaa, pamoja na Morogoro, kuwa kwenye mikoa inayoongoza. Meseji zile hutumwa kwa laini, na kila laini imesajiliwa kwa jina la mtu. Mara nyingine mwenye jina hana habari.

Ofisi zinazolipia programu nazo ziulize

Swali la "nani ametumia jina gani" linazihusu pia SACCOS, shule, zahanati na ofisi za mawakala wa forodha zinazolipia programu za kompyuta. Siku hizi programu nyingi hazinunuliwi mara moja. Unalipia leseni kwa kila mtumiaji, kila mwezi au kila mwaka. Ofisi yenye watumiaji kumi hulipia vichwa kumi, hata kama wawili walishahama.

Programu hizo nazo zina dirisha la kuulizia. Kwa mfano, kwenye Microsoft 365, msimamizi wa mfumo anaweza kuomba taarifa ya matumizi kwa kila mtumiaji, kwa siku 7, 30, 90 au 180 zilizopita. Inaonyesha leseni gani amepewa nani, na mara ya mwisho kila mmoja alitumia huduma lini. Tangu mwaka 2021 majina kwenye taarifa hizo hufichwa mpaka msimamizi aamue kuyafungua, kwa sababu kumfuatilia mfanyakazi kwa jina si jambo la kufanywa ovyo. Google nao wana njia yao ya kutoa taarifa za namna hiyo kwa ofisi zinazotumia huduma zao.

Kwa hiyo kabla bodi ya SACCOS haijapitisha malipo ya mwaka mpya, mjumbe yeyote anaweza kumuuliza mtu wa kompyuta: nileteeni matumizi ya siku 90, mtumiaji kwa mtumiaji. Asiyetumia kabisa, kwa nini tunamlipia? Na aliyeacha kazi mwezi wa tatu, kwa nini jina lake linaonekana kuingia mwezi wa tano?

Lakini kama watu watano wanatumia nywila moja, taarifa itaonyesha mtu mmoja mchapakazi sana. Fedha ya wanachama ikipotea, huyo mmoja ndiye atakayebeba, na pengine siku hiyo alikuwa msibani. Kuazimana nywila ofisini ni sawa na kuazimana kidole kwa wakala.

Ukikuta namba usiyoijua

Usiipigie wala usiitumie meseji ya vitisho. Mtu aliyenayo akishtuka ataitupa laini, na ushahidi utapotea.

Iandike kwenye karatasi pamoja na tarehe uliyoiona. Fikiri vizuri kwanza: isije ikawa ni laini yako ya zamani uliyoipoteza shambani, au ile uliyomsajilia mama.

Kama kweli huijui, piga huduma kwa wateja namba 100 au nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chako, uombe iondolewe kwenye jina lako. Utaombwa kuthibitisha kwa kidole kwamba wewe ndiye mwenye kitambulisho. Baada ya siku chache piga tena *106# uone kama imetoka. Usiridhike na maneno ya "tayari mzee" bila kuona mwenyewe.

Kama laini hiyo imetumika kutapeli au kukopa, nenda polisi ukatoe taarifa na upewe namba ya RB. Karatasi hiyo yenye tarehe ndiyo itakayoonyesha kwamba ulilalamika kabla hujatafutwa.

Meseji ya kitapeli ikiingia kwenye simu yako, itume kama ilivyo kwenda 15040. Utajibiwa na kuulizwa namba iliyoituma, nawe utaiandika. Ni huduma ya TCRA, na inasaidia namba hizo kufuatiliwa.

Haki yako, na mipaka yake

Orodha ya *106# inakuambia laini zipi ziko kwenye jina lako. Haikuambii zilipiga wapi wala zilituma fedha kiasi gani. Hayo ni maombi mengine, unayoyapeleka kwa kampuni yenyewe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Tume inayosimamia sheria hiyo ilizinduliwa Aprili 2024. Ukizungushwa na taasisi, unaweza kuilalamikia huko. Kwa mambo ya laini na mitandao, TCRA ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya.

Haki hiyo ni ya taarifa zako, si za mwenzako. Mume hawezi kudai orodha ya simu za mke, wala mwajiri za mfanyakazi wake wa shambani. Polisi nao hufuata utaratibu wa sheria.

Anza leo

Tunashauri upige *106# mara moja kila baada ya miezi mitatu, na kila baada ya kusajili laini mpya. Ukisajili, mfuate wakala anayejulikana, mwenye duka au banda la kudumu. Akikuambia urudie kidole, muulize kwanza kioo kimeandika nini. Kama husomi, nenda na mtu unayemwamini.

Na kama una mzazi au babu kijijini, iwe Itumba, Kamsamba au Mkwajuni, mpigie *106# kwenye simu yake mbele ya macho yake, umsomee namba moja moja. Muulize kila namba: hii unaijua? Akisema haijui, msimalize siku hiyo bila kuiandika.